Unayemjua na Usiyemjua

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, umeitikia hiyo salamu? Kuanza ni sunna, kuitikia ni wajibu. Haya tulifundishwa madrasani tukiwa wadogo: aliyepanda amsalimie anayetembea, anayetembea amsalimie aliyeketi, wachache wawasalimie wengi, mdogo amwanze mkubwa. Tukahifadhi, tukapita mtihani. Sasa panda matatu ya Kesses kuja taun uone. Mzee anaingia, vijana wamejaza nyaya masikioni, hakuna hata wa kumwambia "habari yako mzee". Na siku hizi aliyepanda ni wa bodaboda, salamu yake ni honi!

Mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) ni jambo gani lililo bora katika Uislamu. Akatajiwa mawili: kulisha chakula, na kumsalimia unayemjua na usiyemjua. Hadithi hii iko katika Bukhari na Muslim. Mwezi huu la kwanza tunajitahidi, mashaallah. Sahani za sambusa na tende zinatoka nyumba hii kwenda ile. Lakini zinapita langoni mbele ya soja aliyekesha akitulinda, na anayezibeba hamtazami hata usoni.

Utasema, "Lakini yeye si Muislamu." Sawa. Masuala ya tamko la salaam waulize mashekhe, wana maneno marefu hapo. Lakini "habari ya kazi" nani ameiharamisha? "Chamgei" je?

Hapa Eldoret jambo hili si dogo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani waliokuwa wakiombana chumvi waligeukiana. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na mji wetu, lilichomwa moto na watu wamo ndani, wengi wao akina mama na watoto waliokimbilia humo. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,100. Wengi wetu vijana tulikuwa hatujaanza hata shule. Sisemi kwamba salamu ingezuia panga. Siasa na ardhi ni mambo mazito. Nasema hivi: mtu usiyemsalimia ni rahisi sana kuambiwa ubaya wake ukaamini. Sauti yake huijui, mtoto wake humjui jina.

Sahaba Abdullah bin Umar (R.A.) alikuwa akienda sokoni, hanunui kitu wala haulizi bei. Tufail bin Ubayy, aliyekuwa akifuatana naye, akamuuliza wanaendea nini. Akajibiwa kuwa wanaendea salamu tu, wamsalimie kila watakayekutana naye. Imam Malik ameipokea habari hii katika Muwatta. (Na hapo hapo akamtania Tufail kwa tumbo lake, maana alikuwa nalo.) Sisi tukifika sokoni kwa mama mboga, neno la kwanza ni "hii managu pesa ngapi?" Tena saa kumi na moja jioni ndio balaa. Tumefundishwa kwamba mtu akikutukana umwambie umefunga. Hatukufundishwa kumfokea mama wa watu, "Niharakishie, mimi nimefunga!"

Na nyumbani je? Nyumba nyingi futari inapikwa na dada wa kazi. Tangu alasiri yuko jikoni anakanda chapati, moshi wa mafuta wote wake. Mtoto wa miaka kumi anamwita "wewe!", mama yake yuko pale anasikia, kimya. Jumamosi mtoto huyo huyo anatusomea hadithi madrasani kwa sauti nzuri, na sote tunasema mashaallah. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi, na amesimulia kuwa hakuwahi kuambiwa hata "uf", wala kuulizwa kwa nini amefanya hivi ama kwa nini hakufanya vile. Miaka kumi, ndugu yangu! Sisi hata siku thelathini zinatushinda.

Wazazi, dada huyo ana jina. Mtoto alijue kabla ya adhana ya magharibi leo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.