Uamuzi na Wajibu wa Muuguzi katika Wodi ya Upasuaji

Hatari ya upasuaji haiishi mgonjwa anapotolewa chumba cha upasuaji. Utafiti uliofanyika katika nchi 25 za Afrika na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018 ulionyesha kuwa, kati ya wagonjwa waliofariki, zaidi ya tisa katika kila kumi walifariki baada ya siku ya upasuaji yenyewe. Wagonjwa wa utafiti huo kwa jumla hawakuwa wa hatari kubwa, na matatizo yaliyowapata baada ya kupasuliwa hayakuwa mengi. Hata hivyo uwezekano wao wa kufa ulikuwa maradufu ya wastani wa dunia. Siku hizo mgonjwa yuko wodini, na anayeshinda na kukesha naye huko ni muuguzi.

Mwaka 2006 Christine Tanner, mtaalamu wa uuguzi wa Marekani, aliugawa uamuzi wa muuguzi katika hatua nne: kugundua, kufasiri, kutenda na kutafakari. Mafunzo mengi hukazia ya kwanza, yaani kupima na kuandika. Ugumu uko kwenye ya pili.

Chukua mtu mzima aliyepasuliwa tumbo asubuhi, ambaye damu inamvuja ndani polepole. Akipoteza hadi asilimia 15 ya damu yake, huenda chati isionyeshe lolote. Akifika kati ya asilimia 15 na 30, mapigo hupita 100, pumzi huongezeka, ngozi hupoa na mkojo hupungua, lakini namba ya juu ya presha inaweza kubaki palepale kwa sababu mishipa imejibana ili kuilinda. Kwa kawaida presha huanza kushuka hasara inapokaribia asilimia 30, ambayo kwa mtu wa kilo 70 ni kama lita moja na nusu. Kwa hiyo muuguzi anayesoma 118, kisha 116, kisha 114, na kuridhika kwamba presha ni nzuri, hajakosea kupima, amekosea kusoma. Mapigo yaliyopanda kutoka 84 hadi 112 katika saa zilezile yalikuwa yameshasema. Kijana hujimudu kwa muda mrefu kisha huanguka ghafla. Mzee anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo huenda mapigo yake yasipande kabisa.

Kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote ni upumuaji. Chati ambayo wodi nzima inapumua mara 20 kwa dakika, usiku na mchana, inajulikana vizuri na kila aliyewahi kufanya kazi wodini. Kuhesabu pumzi kwa dakika nzima hakuhitaji mashine, na mara nyingi ndiko kunakotoa dalili ya kwanza.

Uingereza ilianza mwaka 2012 kutumia mfumo wa alama za tahadhari, uliorekebishwa mwaka 2017: jumla ya alama 5 humtaka mtaalamu aje haraka, na 7 ni dharura. Mfumo kama huo humsaidia hasa muuguzi mgeni, kwa kuwa humpa kauli isiyobishaniwa. Lakini jedwali halimsikii mama anayesema kwamba mwanawe leo si yeye. Mtaalamu wa uuguzi Patricia Benner alionyesha mwaka 1984 jinsi muuguzi mzoefu anavyoitambua hali kabla ya kuweza kuieleza. Hata hivyo, saa tisa usiku hisia pekee haimwamshi mtu. Kusema “daktari, mgonjwa wa kitanda cha sita hayuko vizuri” ni tofauti na kusema: “Daktari, mgonjwa wa kitanda cha sita, aliyepasuliwa tumbo asubuhi, mapigo yamefika 112, mkojo ni mililita 15 kwa saa nzima, na ngozi imepoa. Nahofia anavuja damu ndani. Naomba uje sasa hivi.” Asipokuja, wajibu bado haujatimia, unapanda kwa daktari bingwa au kwa msimamizi wa zamu.

Ndivyo ilivyo pia kwa dawa. Mofini ikiwa imeandikwa kwenye faili, na mgonjwa amelala usingizi usioamshika kirahisi huku akipumua mara 8 kwa dakika, muuguzi huizuia dozi, humpa oksijeni na kuita msaada. Saini ya daktari haimwondolei anayeshika sindano dhamana ya kile anachoingiza mwilini.

Dhamana hiyo ina upande wa pili. Jaribio la kuwafuatilia kwa karibu zaidi wagonjwa wa hatari baada ya upasuaji, lililofanywa katika hospitali za Afrika na kuchapishwa mwaka 2021, halikupunguza vifo. Kuangalia zaidi hakutoshi pasipo mtu, damu na chumba cha upasuaji vya kuitikia. Huko Pennsylvania, Marekani, mtafiti Linda Aiken na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba kila mgonjwa anayeongezwa kwa muuguzi mmoja huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa wagonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Tanzania, kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, humweka muuguzi chini ya baraza linaloweza kumwajibisha; ila idadi ya wauguzi wa zamu haipangwi na aliye zamu.

Anayeachiwa wagonjwa wengi kupita uwezo wake huamua nani aonwe kwanza, humjulisha msimamizi, na huandika saa ileile, si mwisho wa zamu: vipimo, saa aliyopiga simu, aliyepokea, jibu alilopewa na hatua aliyochukua.