Nyumba Zetu na Ufa wa Ardhi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Fort Ternan)



Nimeombwa niseme juu ya matetemeko ya ardhi na nyumba. Wengine watauliza, hayo yatuhusu nini sisi wachuma chai na wakata miwa? Yatuhusu, kwa kuwa mfanyakazi hulala katika nyumba ya kampuni ambayo hakuijenga yeye, na siku apewapo malipo yake ya mwisho huenda akajijengea nyingine haraka haraka.

Tazameni tulipo. Watu wengi hudhani Bonde la Ufa ni Nakuru na Naivasha tu. Sivyo. Bonde lile lina mkono uelekeao magharibi mpaka Ghuba ya Winam huko Kisumu, nasi tumo ndani yake. Ule ukuta wa Nandi uonekanao ukishuka Muhoroni, ni ardhi iliyokatika, upande mmoja ukadidimia. Tinderet nao ulikuwa mlima wa moto, na mifupa ya kale aliyoichimbua Dr. Leakey hapa Fort Ternan tangu mwaka 1961 ilifukiwa na majivu yake miaka kama milioni 14 iliyopita. Mlima umezimika. Ufa wa ardhi, huo huweza kulala miaka mingi kisha ukashtuka.

Ulishtuka Subukia, kama kilomita 100 tu kutoka hapa, usiku wa tarehe 6 Januari 1928. Kipimo chake kilikuwa 6.9, na ardhi ikapasuka kwa kilomita zipatazo 38. Hata hivyo haikuandikwa habari ya maafa makubwa, maana watu walikuwa wachache na nyumba nyingi zilikuwa za fito na majani.

Sasa pimeni na Bukoba, ng'ambo ya Ziwa. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, lilipita tetemeko la 5.9. Mjue ya kwamba kila hatua moja ya kipimo hicho ni nguvu mara 30 na zaidi, kwa hiyo la Bukoba lilikuwa dogo sana mbele ya lile la Subukia. Lakini watu 17 na zaidi walikufa, nyumba kwa mamia zikaanguka, na shule za Ihungo na Nyakato zikabomoka vibaya. Wanafunzi wangekuwa madarasani saa ile, sijui tungesema nini leo.

Kilichoua ni kuta. Tofali zito lililoshikwa kwa udongo, pembe zisizofungamana, ukuta wa mbele uliosimama peke yake. Twacheka nyumba ya fito kuwa ni ya maskini, lakini ikitikiswa hupinda, na ikianguka si nzito. Ya matofali ndiyo fahari yetu, basi na ijengwe sawasawa: saruji ya kutosha, matofali ya pembeni yapishane, na linta ya zege yenye vyuma izunguke nyumba nzima kama mshipi. Fundi wengi huiweka juu ya mlango na dirisha tu, wakasema wanakupunguzia gharama. Mwambie apunguze kwingine. Ukubwa wa sebule, kwa mfano. Paa la mabati latosha.

Na mahali pia. Usijenge ukingoni mwa genge wala chini yake, wala usichimbe kilima ili upate kiwanja ukauacha udongo umesimama wima nyuma ya chumba cha watoto. Mvua za huku hulainisha udongo huo, na mtikisiko mdogo waweza kuushusha.

Ama nyumba za kampuni, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe makao ya kufaa au posho ya nyumba. Sioni jinsi ukuta wenye ufa unaoingia kidole unavyoweza kuitwa wa kufaa. Wajumbe wa kila kambi wapite nyumba kwa nyumba, waandike namba ya chumba na ufa uko wapi, tarehe iwekwe, na nakala ibaki kwetu. Miezi mitatu baadaye wapite tena wapime kama umepanuka. Madaftari yako kwa katibu. Aliye mjumbe asiondoke leo bila lake.