Mjomba Yuko Wapi? Kikundi cha Maigizo cha Wanafunzi na Hadhira ya Kilosa na Mikumi



Huenda baadhi yenu mmeshangaa kuona mwanaisimu amepewa nafasi ya kuzungumzia uendeshaji wa kikundi cha maigizo cha wanafunzi. Mambo ya jukwaa, mtasema, yana wenyewe. Nakubali. Hata hivyo, kikundi cha chuo kinapotoka chuoni na kwenda kuigiza vijijini, kitu cha kwanza kinachopimwa na watazamaji si maleba wala taa, bali ni lugha: nani anasema nini, anamwambia nani, na ana haki gani ya kusema hivyo. Hapo mwanaisimu hahitaji kubisha hodi. Hoja yangu jioni hii ni kwamba kazi kubwa ya kuendesha kikundi cha namna hiyo si kuwafundisha wanafunzi kusema. Hilo wanaliweza, na pengine wanaliweza kupita kiasi. Kazi ni kukipanga kikundi kizima ili kiweze kusikia. Kikundi kisichopangwa hivyo hupeleka kijijini mhadhara uliovishwa maleba.

Nimechagua Kilosa na Mikumi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya historia. Penina Muhando, ambaye wengi wenu mmemsoma pia kwa jina la Penina Mlama, alizaliwa mwaka 1948 huko Berega, katika Wilaya ya Kilosa. Alisoma na baadaye kufundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako somo hilo lilianza kuwa na idara yake mwaka 1967. Ebrahim Hussein alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa miaka hiyo ya mwanzo, na *Kinjeketile* ikachapishwa mwaka 1969. Tunapoifundisha tamthilia ya Kiswahili darasani tunaizungumzia kana kwamba ilizaliwa kitabuni. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya maandishi hayo ilikua palepale chuoni, miongoni mwa watu waliokuwa wakifanya mazoezi jioni na kuingia darasani asubuhi.

Wazo la kuutoa mchezo nje ya chuo nalo si geni. Mwaka 1965 wanafunzi na walimu wa Makerere, wakiongozwa na David Cook wa idara ya Kiingereza, walianzisha kikundi cha kusafiri wakati wa likizo ndefu. Watazamaji hawakutozwa kiingilio. Tena hawakwenda na Kiingereza peke yake. Walibeba michezo ya lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo, na huko njiani lugha za watu zikadhihirisha uzito wake. Nairobi nayo ikaunda kikundi cha aina hiyo mwaka 1974. Dar es Salaam ilikwenda hatua nyingine. Mwaka 1982 na 1983 Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi Malya, wilayani Kwimba, na huko hawakupeleka mchezo uliokwisha kuandikwa. Wanakijiji wenyewe walitaja matatizo yao, mojawapo likiwa mimba za wasichana, kisha wakalijenga igizo kutokana na ngoma na masimulizi yao. Muhando aliieleza njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1991. Naona jambo la kutafakariwa hapa: mwandishi aliyekwisha kuchapisha *Hatia*, *Heshima Yangu* na *Nguzo Mama* anaona kwamba kitabu, hata kikiwa cha Kiswahili fasaha, hakimfikii yule anayezungumziwa ndani yake.

Sababu yangu ya pili ni ya kiisimu. Kilosa ni wilaya ambayo Kiswahili kinazungumzwa na karibu kila mtu, lakini si lugha ya kila jambo. Kaskazini, pande za Mamboya na Berega, kuna Kikaguru, ambacho Guthrie alikipa alama G12. Milima ya magharibi ni ya Kisagara, G39. Kusini, kuelekea Kidodi, kuna Kividunda, G38. Ongezeni Kigogo na Kiluguru vya majirani, Kimaasai cha wafugaji, na lugha za watu walioletwa na mashamba ya mkonge ya Kimamba na ya miwa kule bondeni. Mikumi yenyewe ni njia panda: barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapita, nyingine inakata kaskazini kwenda Kilosa, na ya tatu inateremka kwenda Kidatu na Ifakara. Mwanafunzi anayeshuka hapo na mswada wake akidhani kwamba “Kiswahili ni kimoja” atakuwa amesema kweli juu ya sarufi, si juu ya mazungumzo.

Chukueni mfano wa mchezo ambao kila kikundi cha wanafunzi kimewahi kuuandika: baba anataka kumwoza binti yake angali shuleni. Nimekaa katika mazoezi mengi ya wanafunzi, na mandhari hayabadiliki. Baba ameketi kitini, mama anapita na sinia, mshenga anaingia, mahari inatajwa, binti analia. Baba ndiye mwenye kauli. Mchezo huo ukipelekwa Mamboya, mtazamaji ana haki ya kuuliza swali moja tu na jengo lote likayumba: mjomba yuko wapi? Wakaguru, kama Wasagara, Wavidunda na Waluguru, kwa jadi wanahesabu ukoo upande wa mama. T. O. Beidelman, aliyewatafiti Wakaguru kwa miaka mingi, ameliandika hilo kwa kirefu. Mjomba si mgeni wa harusi. Katika desturi ana neno juu ya mpwa wake, na ana sehemu yake katika mahari. Baba anayeamua peke yake mbele ya hadhira hiyo si baba katili. Ni baba asiyeaminika, na msichana anayemlilia baba badala ya kukimbilia kwa mjomba anaonekana hana akili.

Mtasema hilo ni suala la anthropolojia. Ni la lugha vilevile. Mjomba akiingia jukwaani, mfumo mzima wa kuitana unabadilika: nani anamwamkia nani kwanza, nani anaitwa kwa jina na nani kwa cheo cha ukoo, nani anaweza kusema “wewe” bila kumvunjia mwenzake heshima. Majibizano yaliyoandikwa kwa watu watatu hayawezi kuongezewa mtu wa nne pembeni kama kiti. Ni lazima yatungwe upya. Kikundi kilichokariri mswada neno kwa neno hakiwezi kufanya hivyo kati ya onyesho la Jumamosi na la Jumapili. Kilichojizoeza kubuni kinaweza.

Linalofuata ni gumu zaidi, nalo ni kicheko. Wanafunzi hupenda kichekesho kwa sababu kinashika watu upesi. Lakini katika jamii hizi kucheka mtu kuna sheria zake, na sheria hizo zinaitwa utani. Siku hizi neno “watani” tunaliona zaidi katika kurasa za michezo, Simba na Yanga wakikutana. Lakini mtani wa msibani ni mtu mwingine. Huyo anaruhusiwa kumwigiza marehemu, sauti na mwendo wake, mbele ya wafiwa, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Beidelman aliandika juu ya utani wa Wakaguru mwaka 1966 akiuhusisha na kifo na uhusiano wa ndoa. Ningependa wanafunzi wa sanaa za maonyesho wauone utani kuwa ni uigizaji wenye leseni. Mtani ana leseni kwa kuzaliwa. Mwanafunzi aliyeshuka garini saa nne asubuhi hana. Akimwigiza mwenyekiti wa kijiji mlevi, hadhira itacheka, kwa kuwa ni watu wenye adabu kwa wageni. Lakini hicheki kwa sababu anayodhani yeye.

Kuna kicheko kingine ambacho kwa maoni yangu hakifai kabisa kupelekwa Kilosa. Ninyi nyote mnamjua yule Mmasai wa vichekesho: mlinzi, ana rungu, anakosea ngeli kila sentensi. Mjini anachekwa, na watu wanakwenda nyumbani. Kilosa ni wilaya ambayo mwezi Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, mgogoro wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya 30, na migongano haikuishia hapo. Kumpandisha jukwaani mfugaji ambaye ucheshi wake wote ni lafudhi yake ni kuichukua lugha na kuifanya silaha ya upande mmoja, mbele ya watu waliozika. Sisi wanaisimu tunajua kwamba makosa yale ya ngeli ni athari ya lugha ya kwanza, yana utaratibu, na hayana uhusiano wowote na akili ya msemaji. Mwongozaji anayejua hilo na bado anakiacha kicheko kile kwa kuwa “kinafanya kazi” anapaswa kuulizwa kinafanya kazi gani.

Nije kwenye uendeshaji wenyewe. Mambo ya fedha na usafiri nitayapita haraka, maana kila aliyewahi kuongoza kikundi anayajua: likizo ndefu ndiyo wakati wake, kuanzia Julai, masika yamekwisha na mavuno yamepatikana au yanaendelea, barua ziende mapema kwa afisa utamaduni wa wilaya, kwa watendaji wa kata na wenyeviti wa vijiji. Tangu 2024 treni ya umeme inapita Kilosa, kwa hiyo kisingizio cha umbali kimepungua. Kuhusu wafadhili nitasema neno moja. Mfadhili anapotoa fedha, aghalabu hutoa pia mwisho wa mchezo: mgonjwa anakubali kupima, binti anarudi shuleni. Kikundi kinachojua mwisho kabla ya kuwasili hakina sababu ya kuwasikiliza watazamaji.

Saa ya onyesho si jambo dogo. Katika vijiji vilivyo jirani na Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, tembo huingia mashambani, na watu hawapendi kutembea usiku. Mchezo uanze saa tisa alasiri, umalizike mapema, ili mazungumzo yanayofuata yapate saa nzima kabla ya giza. Viongozi wengi wa vikundi hukata mazungumzo muda unapokuwa mfupi. Mimi ningekata mchezo. Pale Mikumi mjini, kando ya barabara, malori yananguruma na watazamaji wanasimama tayari kuondoka. Hapo majibizano marefu hayasikiki, ngoma lazima itangulie, na msimulizi awe na sauti ya kuwashika wapita njia. Si bure kwamba Muhando katika *Nguzo Mama* amemweka Bi Msimulizi. Msimulizi anaweza kusimamisha mchezo, akaiuliza hadhira, akauendesha tena.

Sasa daftari. Kila kikundi kina mkumbushaji, yule anayekaa pembeni na mswada ili aliyesahau asaidiwe. Ninapendekeza awepo mtu wa pili, ikiwezekana mwanafunzi wa isimu, ambaye kazi yake ni kinyume cha ile: mkumbushaji analinda maneno yaliyoandikwa, huyu anaandika maneno yaliyobadilika. Mwigizaji aliongeza nini baada ya kicheko? Bibi wa mstari wa mbele aliitikia kwa neno gani? Mhusika aliitwaje na watoto walipokuwa wakimwiga njiani kesho yake? Kinasa sauti kisaidie, lakini kisichukue nafasi ya mtu, kwa kuwa kinasa sauti hakijui nani alimtazama nani.

Daftari hilo lina thamani pia kwa sababu ya umri wa kikundi. Shahada ya kwanza ni miaka 3. Mwaka wa kwanza mwanafunzi anabeba vifaa, wa pili anaigiza, wa tatu anaongoza, kisha anaondoka na kila alichojifunza. Bila maandishi, kikundi kinazaliwa upya kila Oktoba, na kila Oktoba kinaandika tena ule mchezo wa baba na binti. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa East Africana. Sioni kwa nini madaftari ya vikundi vya wanafunzi yasiwekwe mahali kama hapo, karibu na tamthilia zilizochapishwa. Mtafiti wa kesho wa majibizano ya Kiswahili atayahitaji kuliko anavyohitaji tahakiki nyingine ya *Kinjeketile*, na nasema hivyo nikiwa nimesimamia tasnifu kadhaa za aina hiyo.

Linabaki swali ambalo ningependa tulijadili pamoja. Tuseme mchezo umekwisha, mazungumzo yameanza, na mama mmoja mtu mzima anasimama na kujibu kwa Kikaguru. Anajua Kiswahili vizuri. Amechagua Kikaguru kwa sababu jambo lenyewe, la mjomba na mpwa, analisema katika lugha hiyo. Kwa kawaida mwalimu wa shule hujitokeza kutafsiri, na maneno ya dakika tano yanatoka sentensi moja safi: “Mama anashukuru, anasema elimu ni muhimu.” Wanafunzi wanapiga makofi. Mwenye daftari afanye nini? Mimi ningemtaka asiandike ile sentensi ya mwalimu kwanza. Amwombe mama, kwa shikamoo na kwa subira, arudie polepole. Aandike alivyosikia, hata kama haelewi neno. Na jioni hiyo aketi na wasemaji wawili au watatu, wa umri mbalimbali, wamfafanulie kila wanapotofautiana. Mchezo wa kesho yake usubiri mpaka kikao hicho kimalizike.