Kompyuta Imeingia Karakanani, Fundi Asibaki Nje

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mchonga mwiko hukimbiza mkono wake. Hata aliyeizoea kazi hana budi kujihadhari na kifaa chake. Juma hili tuzungumzie kifaa ambacho mafundi wetu wengi bado hawajakizoea, nacho ni mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta.

Ukipita katika baadhi ya karakana za samani mijini, utaikuta kando ya randa, patasi na msumeno. Wenyewe huiita kwa herufi tatu, CNC. Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1952 chuo cha MIT huko Marekani kilionyesha mashine ya kukata chuma iliyopokea amri kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Wakati ule iliwalenga watengenezaji wa ndege. Leo ndugu yake mdogo anaenea chini ya kibanda cha bati.

Kazi yake haina miujiza. Mtu huchora umbo kwenye kompyuta, na programu hugeuza mchoro kuwa amri za mwendo: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Kisu kinachozunguka kwa kasi hutii amri hizo, ziwe sahihi au za makosa.

Miezi michache iliyopita nilikuwa katika karakana moja jijini. Fundi mzee alikuwa amepeleka ubao wa mninga uchongwe maua ya mlango. Kijana mwendesha mashine ni hodari wa kompyuta, ila hakuuliza kama ubao umekauka. Maua yalitoka mazuri ajabu. Siku chache baadaye ubao ukapinda, kisha ukapasuka.

"Mzee, mashine haikukosea," kijana alijitetea.

"Najua, mwanangu," mzee akajibu. "Mashine haiujui mti. Wewe je?"

Nilipomuuliza mzee kwa nini hakusimama pale kumwelekeza kijana, aliinamisha kichwa. Alisema hakuelewa chochote kilichokuwa kwenye kioo cha kompyuta. Basi mmoja alijua mti, mwingine akajua mashine, na ubao ukapotea katikati yao. Hasara aliibeba mzee.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Tunawafundisha vijana kompyuta katika chumba chenye feni, na seremala tunamwacha nje kwenye vumbi. Lakini yapo mengi ambayo mashine humwachia mtu. Kisu cha mviringo hakiwezi kuchonga pembe kali ya ndani, kwa hiyo tundu la kuingizia ulimi hutoka na pembe za duara, na lazima fundi azimalizie kwa patasi. Mbao inayouzwa kwa jina la milimita 18 huenda isifike 18, na asiyeipima atapata viungo vinavyocheza. Kisu kikienda polepole mno huku kikizunguka kwa kasi, huunguza mti. Umeme nao ukikatika katikati ya kazi, mwendeshaji asiyejua kuitafuta upya nukta ya kuanzia ataharibu kila kitu.

Hata wafinyanzi yanawahusu. Mashine hiyo hiyo inaweza kuchonga umbo la kikombe kwenye mti, kisha likamwagiwa plasta ili kupata kalibu ya kufinyangia vikombe vinavyolingana. Lakini udongo hunywea ukikauka, na hunywea tena ukichomwa. Ikiwa udongo wako hunywea asilimia 10, kikombe cha sentimita 9 lazima kianze na sentimita 10. Kiasi hicho hakimo ndani ya kompyuta. Hupatikana kwa kufinyanga kipande cha majaribio, kukichora mstari wa sentimita 10, kukichoma, na kuupima tena. Mama mfinyanzi anayeujua udongo wake ni mwalimu hapo, si mwanafunzi tu.

Ushauri wangu ni huu. Vyuo vya ufundi vifungue madarasa ya jioni kwa mafundi walio kazini, bila kudai vyeti ambavyo hawakupata nafasi ya kuvitafuta. Kijana wa kompyuta aanze na randa kabla ya kugusa mashine. Mafundi wa mtaa mmoja wachangie mashine moja, wapangiane zamu. Na muuzaji amwambie mnunuzi ukweli: mlango huu umechongwa kwa mkono, na ule kwa mashine. Kila kimoja kina bei yake.

Tusipofanya hivyo, mashine zitabaki kwa wenye fedha, na wenye ujuzi watageuka vibarua wa kupiga msasa. Mzee yule ana miaka mingi ya ujuzi mikononi. Itakuwa aibu kwetu tukimwacha aendelee kuinamisha kichwa mbele ya kioo.

Hadi juma lijalo, ndugu msikilizaji, nakutakia kazi njema.