Muhogo katika Udongo wa Taka
Muhogo uliopandwa kwenye jalala la zamani hustawi kwa sababu taka zilizooza huupa naitrojeni na potasiamu, na potasiamu ndiyo hasa inayojaza mizizi. Lakini mizizi hiyohiyo hufyonza pia metali nzito. Risasi ya betri za magari hung'ang'ania udongo na kubaki zaidi kwenye ganda, hivyo kumenya na kuosha hupunguza sehemu kubwa. Kadimiamu ni hatari zaidi: huyeyuka upesi na kuingia hadi ndani, ambako kisu hakisaidii. Kiwango cha juu cha Codex kwa mazao ya mizizi ni miligramu 0.1 kwa kilo, kwa kila moja ya metali hizo.

Hatari hiyo huongezeka udongo unapokuwa na tindikali. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, wakulima wa korosho hupulizia salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga. Salfa ikianguka chini huongeza tindikali, hasa kwenye kichanga, na tindikali huzilegeza metali zifyonzwe. Chokaa ya kilimo hurekebisha hali hiyo. Kwa kurutubisha shamba badala ya taka za jalala, mboji ya samadi na maganda ya jikoni inafaa; marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya dhahabu kukamatwa kwa zebaki, yasimwagwe kamwe shambani.