Kurudi Kwenye Usukani

Dominika ya Tatu ya Pasaka, Mwaka C
Injili: Yn 21:1-19



Injili ya Dominika ya leo inatupeleka ufukoni mwa ziwa wakati wa mapambazuko. Petro amekesha na nyavu zake, naye hakupata kitu. Anapofika nchi kavu anakuta moto wa makaa, na Bwana Mfufuka amekwisha kuandaa samaki na mkate. Tukumbuke kwamba usiku ule Bwana alipokamatwa, Petro alikuwa akiota moto wa makaa vilevile alipomkana mara tatu. Sasa, mbele ya moto mwingine, anaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana wake. Na kila anapojibu, anakabidhiwa kundi alichunge.

Sisi tunaozungumza nanyi asubuhi hii tuliisoma Injili hiyo miaka mingi katika seminari kuu, lakini tuliielewa katika barabara kuu iendayo Tunduma. Mturuhusu tuungame mbele yenu.

Mwaka 2012, tukiwa tumechelewa Misa, tuliyapita malori mawili kwa mwendo usiofaa karibu na Mlowo, tukamgonga baba mmoja aliyekuwa juu ya baiskeli yake. Mguu wake ulivunjika. Kosa lilikuwa letu. Tulilikiri polisi na mahakamani, tukalipa faini. Yule baba alitusamehe angali kitandani. Lakini sisi tulirudisha ufunguo wa gari la parokia, na kwa miaka kumi hatukushika usukani.

Waamini walitusifu. Walisema, padre huyu ni mnyenyekevu, anapanda basi na kubanana nasi. Tuliipokea sifa hiyo tukinyamaza, nasi tulijua moyoni kwamba ulikuwa woga, umevikwa joho la unyenyekevu.

Kisha usiku mmoja wa mvua, mwaka 2022, katekista wa kigango kimoja cha bondeni, upande wa Momba, alitupigia simu. Bibi mmoja mzee alikuwa anaomba Mpako wa Wagonjwa. Pikapu ya parokia ilikuwa uani, ina mafuta. Dereva alikuwa safarini. Tulijibu kwamba tutakuja na gari la abiria la alfajiri. Tulipofika, vijana walikuwa wakichimba kaburi. Katekista hakutulaumu. Alikuwa amekaa kando ya kitanda akisali naye hadi pumzi ya mwisho. Alitupokea mkoba, akatuongoza msibani. Tunaamini kwamba huruma ya Mungu haikumkosa bibi yule. Ni sisi tuliomkosa.

Habari hizo zilimfikia yule baba wa Mlowo, aliyepona na kubaki akichechemea kidogo. Siku moja baada ya Misa alitusogelea, akatuambia kwa upole, "Padre, mguu wangu ulipona kwa miezi minane. Wako utapona lini?"

Wapendwa, hatukuwa na jibu. Tulikwenda kuhuisha leseni iliyokuwa imekwisha muda wake, tukamwomba katekista kijana wa parokiani, aliyewahi kuendesha malori hadi Kongo, atufundishe upya. Alituanzisha uwanja wa mpira, asubuhi na mapema, kama mtoto wa shule. Tulipoona haya, alitueleza kwamba hata dereva wa miaka mingi hujifunza tena kila safari. Ukivuka mpaka wa Tunduma kuingia Zambia, unashika kushoto kama huku kwetu. Lakini ukivuka Kasumbalesa kuingia Kongo, unahamia kulia. Anayejiamini kupita kiasi, alisema, ndiye anayekosea pale.

Alisema kweli. Tulipoacha usukani, hata Mkoa wa Songwe haukuwapo; ulizaliwa mwaka 2016, ukimegwa kutoka Mbeya. Kituo cha pamoja cha forodha pale Tunduma kilizinduliwa mwaka 2019, nasi tukiwa abiria. Bajaji na bodaboda zilikuwa zimejaa kila kona, na malori yamepanga foleni yakingoja kuvuka mpaka. Mikono yetu ilikumbuka gia upesi; macho ndiyo yaliyokuwa yamesahau watu.

Siku ya kushuka mlima Senjele, kijana yule alitusimamisha kwanza juu kabisa. Alitutaka tuingize gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, kwa sababu breki ikikanyagwa mteremko mzima hupata moto na kuacha kushika. "Padre," alisema, "gia huchaguliwa juu, si katikati ya mteremko." Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye kurudi kwa Mungu: aamue mapema jinsi atakavyokwenda, asingoje kishawishi kimkute katikati ya njia.

Sasa tumtazame tena Petro. Bwana hakumwambia kwamba hakuna lililotokea. Maswali yale matatu yalimchoma. Wala hakumweka kando alie maisha yake yote. Alimwuliza kuhusu upendo, na papo hapo akampa kazi, maana kondoo walikuwa wanangoja. Majuto yanayotufanya tukae uani daima, huku wengine wakituhitaji, yamekwisha kuacha kuwa toba. Tumebaki tunajitazama wenyewe.

Hatusemi kwamba kila aliyeacha usukani aurudie. Yupo ambaye macho au afya haimruhusu, na daktari amemkataza. Huyo akitii anawapenda walio barabarani. Petro naye aliambiwa kwamba uzeeni mwingine atamwongoza.

Lakini tunasema na wewe dereva unayelala Tunduma ukingoja kuvuka, ambaye hujapiga magoti kwenye Kitubio kwa miaka mingi kwa sababu ya aibu. Tunasema na wewe katekista uliyeacha kufundisha tangu siku ulipoanguka, na wewe mama uliyeacha Jumuiya Ndogo Ndogo kwa ajili ya ugomvi wa zamani. Usianze na barabara kuu. Anza na uwanja wa mpira. Njoo kwa padre, na kama umesahau sala ya majuto, mwambie, atakuongoza neno kwa neno.

Nanyi mnaowapokea wanaorudi, msiwahesabie miaka waliyokosekana. Yule baba alikuwa na haki ya kutukumbusha mfupa wake uliovunjika. Yeye alituuliza lini tutapona.

Leo tunakwenda vigangoni wenyewe, polepole. Tukipita Mlowo mikono bado inatetemeka kidogo, nasi hatuombi iache. Mtetemo huo hutukumbusha kupunguza mwendo.

Tuombe. Ee Bwana Mfufuka, uliyemwandalia Petro chakula kabla ya kumwuliza neno, utuite tena pale tulipoacha, utupe upendo unaotangulia ujuzi, na uwalinde wote walio safarini leo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.