Maji Safi na Kazi ya Mwethya



Afya ya nyumba huanza mtungini. Hapa Machakos wazazi wetu walichimba matuta ya mashamba kwa mwethya. Nacho kikundi cha Utooni, kilichoanza 1978 huko Kola, kimejenga mabwawa ya mchanga mitoni. Wafadhili walileta saruji, wenyeji wakaleta mawe na nguvu za mikono. Mchanga huyakinga maji na jua kali, tena huyachuja.

Lakini ng'ombe wakinywa pale pale tuchotapo, au choo kikichimbwa karibu, kuhara na homa ya matumbo zitaturudia, na taabu ya wengi itakuwa bure. Basi twamwomba kila mwanachama atoe siku moja ya kazi, tukizungushie ua kisima chetu.